Nyama ya Usingizini

Sipendi mtu anisimulie ndoto yake. Wanaonijua wameshazoea: mtu akianza tu, "Jana nimeota...", mimi nachukua kikombe changu na kuhamia kiti kingine. Wengine huona ni ukorofi. Si ukorofi, ni kichefuchefu, tena kile cha kweli cha tumboni. Mate yananijaa mdomoni.

Kibaha, nilikohamishiwa kufundisha baada ya kutoka kijijini, walikuwapo walimu wawili ambao chai ya saa nne haikuwashuka bila kuzungumzia ndoto. Wa kwanza alifundisha baiolojia. Yeye alishikilia kwamba mtu akilala, ubongo wake unafanya usafi, na ndoto ni vumbi linaloruka wakati wa kufagia. Wa pili alikuwa amesoma kitabu cha mtaalamu fulani wa Ulaya, akatuletea habari kwamba ndoto ni tamaa. Jambo ambalo mtu anaona haya kulitamani mchana hujifunika shuka, likaja usiku likijifanya jambo jingine.

"Kwa hiyo mimi nikiota nafukuzwa na ng'ombe?" mmoja wetu aliuliza.

"Yule ng'ombe ni mwanamke."

"Na kama ni dume?"

"Hapo sasa, bwana, tusiendelee. Kuna akina dada."

Walicheka hadi mihogo ikawapalia. Kisha yule wa tamaa akanigeukia. "Na wewe dada, mbona kila siku kimya? Huoti?"

"Naota nimelala," nikamwambia, nikatoka nje.

Sikuwachukia wale walimu. Kilichonichefua ni wepesi wao. Walizichezea nadharia za ndoto kama watu wanaorushiana machungwa, na hakuna kati yao aliyewahi kuona nadharia ya ndoto ikishika wembe. Mimi nimeiona, katika kijiji kimoja cha Kisarawe, upande wa Kurui, na kichwa kilichokuwa chini ya wembe kilikuwa cha shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mpishi wa shughuli. Arusi, hitima, jando, popote penye watu wengi na sufuria kubwa aliitwa yeye, kuanzia Marui hadi Kibuta. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na akiwa jikoni hakuruhusu mtu asogelee mafiga yake. Nyama alikatakata mwenyewe, na akaigawa mwenyewe pia, upawa mkononi, huku akimtazama kila mtu usoni. Alijua nani anapenda mnofu na nani anapenda mfupa wa kufyonza. Alijua nani amefiwa karibuni, akamwongezea bila kusema neno. Katika nchi ile nyama haikuwa chakula cha kawaida. Ng'ombe hawakuishi, mbung'o waliwamaliza. Tulikula mihogo, wali, kunde, kisamvu cha nazi, dagaa wakipatikana. Mtu angeweza kukaa miezi bila kuonja nyama hadi iwepo shughuli, na siku hiyo nyama ilitoka mkononi kwa shangazi.

Naomba msomaji ashike hilo, kwa sababu wenyeji wote walilijua na wote walijifanya wamelisahau.

Kisha serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vipya. Zamani kila mmoja aliishi shambani kwake, kati ya mikorosho yake, na kwenda kwa jirani ilikuwa safari. Sasa tukapangwa kwenye safu kandokando ya barabara, nyumba kwa nyumba, kiasi kwamba jirani akikohoa ulimsikia kifua. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nikapangiwa shule ya kijiji hichohicho, nikakaa kwa shangazi. Mikorosho ilibaki mbali. Mashamba mapya yalikuwa bado mapori. Mvua nayo ikakataa. Tukala unga wa njano wa msaada, uliokuwa na harufu ya gunia, na huo nao haukuja kila wiki.

Nimewahi kufikiri sana juu ya zile safu za nyumba. Mtu aliyeishi peke yake shambani aliota, akaamka, akashika jembe, na hadi akutane na mtu wa kumsimulia ndoto ilishayeyuka. Kwenye safu, mwanamke alifungua mlango na ndoto bado imemganda usoni, akakuta wenzake watano wanaelekea kisimani. Foleni ya maji ilikuwa ndefu na maji yalitoka kidogokidogo. Watu walihitaji kitu cha kuzungumza. Wakazungumza ndoto.

Na ndoto zilikuwa za nyama.

Wa kwanza kuitamka alikuwa jirani yetu wa mkono wa kulia, mwanamke mwenye watoto wengi na tumbo lililokuwa likimsumbua. Nilikuwapo kwenye foleni na ndoo yangu.

"Leo nimekula jamani," alisema. "Nimekula nyama hadi nimeamka mdomo una chumvi."

"Bahati yako. Mimi nimeota nafua."

"Nyama ya nini?"

"Sijui ya nini. Laini. Imekaa kwenye sinia, nami nafinyanga tu matonge."

"Nani kakupa?"

Jirani akasita, akacheka kidogo. "Si bi mkubwa wetu hapa. Kasimama na upawa wake."

Wakacheka wote. Nami nilicheka. Siku ya pili mwingine akasema naye amekula, na aliyempa ni shangazi. Kisha mwingine. Kufikia wiki iliyofuata hakuna aliyecheka tena. Ndoo zilikuwa zinasogea kimyakimya, na mimi nilipofika watu walianza kuzungumzia jua.

Pwani yetu kuna elimu ya zamani juu ya kula usingizini. Mtu akiota anakula nyama, hasa akiamka na ladha mdomoni na tumbo zito, basi hakuota. Amelishwa. Mchawi amekuja usiku, amemfumbua kinywa, na kilichoingia si nyama ya mbuzi wala ya ng'ombe. Ile nyama hukaa tumboni isisagike. Aliyelishwa huanza kukonda, chakula cha halali humkinaisha, na baadaye wachawi humdai: umekula chetu, sasa nawe lete chako. Nilikua nikiyasikia hayo, na nilipokuwa mtoto yalinipendeza kama hadithi nyingine. Sikuwahi kufikiri kwamba ni nadharia kamili, yenye dalili zake na tiba yake, ambayo inaweza kueleza kwa nini kijiji kizima kina matumbo mazito na hakina hamu ya unga wa njano.

Jirani akaenda kumleta fundi. Ndivyo tulivyomwita mganga yule, fundi, mtu wa kutoka pande za Rufiji, mnene, mwenye kanzu iliyokuwa nyeupe kifuani na kahawia makwapani. Ukucha wa kidole chake kidogo aliuacha ukue hadi ukapinda. Nilipomwamkia alinishika mkono na ule ukucha ukanigusa kiganjani. Nilinawa, nikanawa tena.

Kabla hajaanza kazi nilikwenda kwa ustadh aliyewafundisha watoto Kurani. Nilidhani dini itamaliza jambo hili mapema. Alinipokea vizuri, akanieleza kwa mpangilio ambao mimi kama mwalimu niliupenda. Ndoto ni za aina tatu. Iko inayotoka kwa Mwenyezi Mungu, nayo ni bishara. Iko inayotoka kwa Shetani, ya kumtia mja huzuni. Na iko ya nafsi kujisemesha yenyewe: mtu mwenye kiu ataota mto.

"Na mwenye njaa?" nikauliza.

"Ataota chakula."

"Basi hizi za foleni ni za nafsi, ustadh."

"Ni za nafsi. Na hata kama ni za Shetani, mtu akiamka na ndoto mbaya ateme mate kidogo kushotoni, amwombe Mungu kinga, ageukie ubavu wa pili. Asimsimulie mtu yeyote."

"Kwa hiyo wamekosea kusimulia."

"Wamekosea sana."

"Utawaambia Ijumaa?"

Alivuta mkeka uliokuwa umekunjika pembeni, akaunyoosha, akaupapasa. "Mwalimu," akasema, "mimi nami nyumba yangu iko kwenye safu hiihii."

Nikamwita mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa kijana bado, msemaji mzuri, aliyejua kutamka neno "maendeleo" kwa namna ya kumfanya mtu asimame wima. Alinikuta darasani nikifuta ubao, naye akiwa amechoka.

"Serikali haitambui uchawi," alisema kabla sijamaliza. "Hilo liko wazi kabisa."

"Basi mfukuze fundi."

"Watu wanamtaka. Mimi naongoza watu, mwalimu, siongozi miti."

"Na wewe mwenyewe unaamini?"

Akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Mimi mwenyewe juzi niliota maini."

"Maini."

"Ya kukaanga. Na kitunguu." Alimeza mate. Nilikiona kikoromeo kikipanda na kushuka. "Shangazi yako ndiye aliyenipa. Tena akaniongezea."

"Katika maisha yako, mwenyekiti, nani mwingine amewahi kukupa maini ya kukaanga?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hakuna mwingine," akasema.

"Basi ungeota nani?"

Hiyo ndiyo nadharia yangu, na hadi leo sina nyingine. Njaa inaleta nyama, na nyama haiwezi kuja yenyewe, lazima ije na mkono. Mkono pekee waliokuwa nao akilini ulikuwa wa shangazi. Kama angekuwa mpishi mbaya wasingemwota. Nilimweleza mwenyekiti hivyo polepole, kama ninavyoeleza sehemu za hesabu, naye akatikisa kichwa kwa kuelewa. Kisha akasema, "Lakini mdomo kuwa na chumvi, hilo unalielezaje?"

Fundi aliwatapisha watu uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, baada ya sala ya alasiri, jua bado kali. Alianza na jirani. Dawa ilikuwa mizizi iliyochemshwa, maji mazito ya rangi ya kutu, yenye harufu ya ngozi mbichi. Jirani alikunywa kibuyu kizima, akakaa amenyoosha miguu, karai mapajani. Watu walimzunguka. Watoto wa shule yangu walikuwa mbele, wamechuchumaa, nami nikawafukuza, wakarudi.

Alipoanza kutapika alitapika kwa muda mrefu. Sitaeleza kila kilichotoka. Nitasema kwamba fundi aliinama juu ya karai na kijiti cha muhogo, akawa anachokorachokora kama mwanamke anayetafuta mawe kwenye mchele, na kila mara alipoinua kitu watu walisogea mbele badala ya kurudi nyuma. Harufu ilikuwa inawapiga usoni nao wanasogea. Kuku walikuja pia. Jogoo mmoja alidonoa ukingoni mwa karai, mtu akampiga teke, akarudi upande wa pili.

Kisha fundi akainua kijiti juu. Kitu kilikuwa kinaning'inia: cheupe chenye wekundu kidogo, kirefu, cha mviringo, kimechongoka ncha zote mbili. Kilikuwa kinajikunja.

"Mshipa!" akatangaza. "Mshipa wa mtu. Mnauona bado unacheza?"

Ulikuwa mnyoo.

Nataka kuwa makini hapa. Haukuwa kitu cha kutatanisha. Kila mama aliyesimama pale alikuwa ameuona mnyoo wa namna ile mara nyingi, kwenye makalio ya mtoto wake, nyuma ya nyumba, asubuhi. Wiki ileile mtoto wa darasa la kwanza alikuwa ameangusha mmoja nje ya darasa, na mama yake aliitwa akauokota kwa jani, akaufukia kwa kisigino, bila hata kuacha mazungumzo yake. Mama huyo alikuwa amesimama karibu nami. Nilimgeukia.

"Mama, si ndio uleule?"

Alitazama juu, kwenye mnazi. "Macho yangu siku hizi, mwalimu."

Nikasema kwa sauti, ya darasani, ili wote wasikie: "Ule ni mnyoo. Nendeni zahanati mkapewe dawa ya minyoo."

Fundi hakukasirika. Alinitabasamia kama mtu aliyekuwa akingoja swali hilo. "Mwalimu wetu amesoma," akawaambia watu. "Sasa mwalimu, nikuulize. Mnyoo unatokea wapi?"

Nilifungua kinywa nimjibu, akaniwahi.

"Si unatokea chini? Hata mtoto wa mwaka mmoja anajua mnyoo unatokea chini. Huu umetokea wapi?"

"Juu!" watu wakajibu.

"Kinachotoka kinywani kiliingia kinywani. Haya, mwalimu, mtu gani anakula mnyoo?"

Walicheka. Cheko lile lilikuwa la nafuu, la watu waliopewa njia ya kutoka. Hakuna aliyeamini macho yake, kwa sababu macho yangewaambia kwamba watoto wao ni wagonjwa na unga wa njano hautoshi, na kwamba hakuna wa kulaumiwa aliye karibu. Mshipa wa mtu ulikuwa na mwenyewe, naye ni shangazi, aliyekuwa amesimama pale mwisho wa duara, mikono nyuma. Yule jogoo aliruka akakidaka kitu kwenye kijiti, akakimbia nacho, na nusu ya uwanja ikamkimbiza. Fundi akapiga kelele kwamba wasiuache ushahidi ukaliwa. Hawakuwahi. Jogoo alimeza akikimbia.

Fundi alitoa masharti yake hapohapo. Anayelisha watu ama anyolewe na kunyweshwa dawa, ama aondoke kijijini kabla ya mvua. Hakumtaja. Alizunguka tu na usinga wake, akasimama mbele ya shangazi, akautikisa.

Wote walingoja alie. Shangazi alimtazama fundi kuanzia miguuni kwenda juu, akaishia makwapani.

"Nimeshahamishwa mara moja na serikali," alisema. "Sitahamishwa mara ya pili na ndoto za watu. Nyoa."

Nilimshika mkono. "Shangazi, twende. Nitaomba uhamisho, tutaondoka wote."

"Twende wapi? Nikawapikie nani?"

Aliitisha mbuzi yake ya kukunia nazi iletwe kutoka nyumbani, akakaa juu yake katikati ya uwanja. Fundi alimnyoa kwa wembe uliokwisha kutumika, kwa maji ya dawa yaliyobaki, bila sabuni. Mvi zake zilianguka begani, nyingine zikaganda kwenye dawa. Damu ilimtoka nyuma ya sikio.

"Mbona unaacha kisogoni?" shangazi akamuuliza. "Au unaogopa shingo?"

Mtu akacheka. Kisha wengine. "Taratibu, fundi, usimalize masikio," shangazi akasema. "Nitasikiaje mkianza kuota tena?" Wakacheka zaidi, na hali uwanjani ikawa kama ya shughuli yoyote ile, watu wakisukumana waone vizuri. Nilitamani asitanie. Kila utani wake uliwarahisishia. Akanywa dawa, akatapika. Fundi alichokora, hakupata kitu, akasema mwenye kulisha wengine yeye hali.

Ustadh hakuwapo. Mwenyekiti alikuwapo, nyuma kabisa, akitazama paa la ofisi kana kwamba ndiyo kwanza anagundua linavuja.

Baada ya siku ile hakuna aliyemtukana shangazi. Kwa hesabu ya fundi alikuwa ameshasafishwa, salama kuliko mtu ambaye hajanyolewa. Walimwamkia, walimkopa chumvi, watoto walimgusa kichwa wakakimbia. Lakini hakuna aliyekula cha mkono wake. Siku moja alipika kunde kwa nazi, nazi yenyewe ya kutafuta, akapeleka sahani kwa jirani. Jirani alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Nilimwona akizunguka nyuma ya nyumba, akaimwaga sahani nzima kwa kuku, akapangusa kwa majani, akaja kuirudisha.

"Ahsante sana, bi mkubwa. Tamu."

"Chumvi haikuzidi?"

"Haikuzidi hata kidogo."

Sikumwambia shangazi. Sikuhitaji. Aliinusa sahani, akaiweka, na tangu siku hiyo akapika chungu kidogo cha watu wawili. Sufuria zake kubwa alizifunika kwa magunia. Nilimwona akizidi kukauka. Alikuwa ameukubali wembe ili abaki mahali penye watu wa kuwapikia, na sasa amebaki, watu wapo, na hakuna anayekula. Mimi nilikula, lakini mimi sikuhesabika. Alitaka duara la masinia.

Mvua zikaja. Muhogo ukakomaa, kunde zikajaa, dagaa wakaanza kuletwa tena. Foleni kisimani ikarudi kuzungumzia waume. Ndoto za nyama zikaisha, kama nilivyojua zingeisha, na sifa zote zikaenda Rufiji na ile kanzu.

Kisha jirani akapata mchumba wa binti yake mkubwa, kijana wa Mlandizi, mwenye ndugu wenye uwezo. Walileta ng'ombe. Dume zima, lililoshushwa kwenye gari na kufungwa kwenye mnazi, na kijiji kizima kilikwenda kulitazama. Mpishi aliyetafutwa kutoka Kibuta aliposikia idadi ya watu alisema hana mkono wa sufuria za ukubwa ule. Zikabaki siku chache kabla ya arusi. Jirani akaja kwetu, yeye na wifi yake, wakapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo shangazi." Hakuwa amewahi kumwita shangazi kabla.

"Marahaba. Mmeota nini leo?"

"Aa, shangazi jamani. Tumekuja kukuomba."

"Mniombe mimi? Mimi mla watu?"

"Yale si yamepita."

"Yamepita wapi?" Akavua kilemba, akainamisha kichwa kwao. Nywele zilikuwa zimeota vipande vipande, na nyuma ya sikio palikuwa na kovu. "Hapa hayajapita."

Wakaangalia chini. Nilikuwa nimesimama ndani, nyuma ya pazia, na moyo wangu ulikuwa unashangilia. Nilimngoja awafukuze. Nilikuwa nimeshayapanga maneno ambayo angesema.

Shangazi akafunga kilemba. Kisha akauliza, "Dume lina miaka mingapi?"

"Wanasema bado changa."

"Lina mafuta?"

"Lina mafuta, shangazi."

"Binzari nyembamba mmepata?"

Niliposikia binzari nikajua.

Alipika siku mbili. Sufuria zilitolewa kwenye magunia, zikasuguliwa kwa mchanga. Siku ya arusi wali ulichambuka punje kwa punje, nyama ikaiva hadi kuachia mfupa, na harufu ilifika shuleni. Wanaume walitaka masinia yapangwe na yapelekwe kama kawaida. Shangazi akakataa. Alisema leo kila mtu atakuja mwenyewe na sahani yake, mchana kweupe, apokee mkononi mwake. Nilidhani hawatakuja. Nilitaka wasije, na nilitaka waje.

Wa kwanza alimwita mwenye arusi, jirani. Alichota wali, akajaza, akaweka juu yake mnofu na kipande cha ini.

"Kula, mwanangu," alisema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Leo uko macho."

Jirani alisimama na sahani. Watu wote walikuwa wanamtazama. Akafinyanga tonge, akalitia mdomoni, akatafuna. Akafinyanga jingine. Mafuta yakamshuka kidevuni, akayapangusa kwa kiganja, akakilamba kiganja.

Baada ya hapo hapakuwa na duara wala foleni. Walimwendea kama nzi. Mwenyekiti alipewa maini, akaongezewa, akala amesimama. Mama wa mtoto wa darasa la kwanza, yule ambaye macho yake hayakuona mnyoo, aliona vizuri kabisa vipande vikubwa vilikuwa upande gani wa sufuria, akavionyesha kwa kidole. Walifyonza mifupa, walitema gegedu, walicheua. Walinyoosha sahani tena kwa mkono uleule ambao miezi michache nyuma waliuona ukiwalisha maiti. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyesema tulikosea. "Shangazi, niongezee hapa." "Shangazi, mimi hujanipa mfupa." Ilikuwa shangazi, shangazi, shangazi, midomo imejaa.

Nilisimama kando ya ukuta na sahani tupu. Niliwatazama wakitafuna, na kile kichefuchefu cha siku ya karai kikarudi, sasa bila karai. Lakini hao niliwazoea. Aliyenichefua siku ile, na naandika hivi nikijua ni kitu kigumu kusema juu ya mtu aliyenilea, ni yeye. Kwa sababu alikuwa na furaha. Si furaha ya kuwashinda, hiyo ningeielewa. Alikuwa na furaha tu kwamba wanakula. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kovu, naye anamuuliza jirani kama chumvi imetosha, na anasubiri jibu.

Watu walipotawanyika alikaa kwenye mbuzi yake kati ya masufuria, akaanza kukwangua ukoko. Aliniambia nani amerudi mara ngapi, nani amebeba nyingine kwenye jani la mgomba, na kwamba watu wa Mlandizi wameshamwulizia kwa ajili ya hitima.

"Na wewe mbona hukula?" akauliza.

"Sina njaa, shangazi."

"Hata kipande?"

"Hata kipande."

Akanitazama, upawa mkononi, kama alivyomtazama kila mtu siku zote kabla ya kuamua ampe nini.

"Haya," akasema. "Utaota."

Akacheka peke yake, akaendelea kukwangua.